Tangawizi Iliyokataa Kuoza

Wapare husemwa mengi. Kwamba ni wabahili, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mwenye kusema hayo hajawahi kufika Mamba akiwa mgeni. Honorata alikuwa amefika mara saba ndani ya mwaka mmoja, na kila mara alishuka mlimani na mzigo mkubwa kuliko aliopanda nao: ndizi, maharage, kuku aliyefungwa miguu, na siku moja mche wa parachichi ambao kondakta wa basi la Same aliukataa mpaka wakagombana. Safari hii ya nane alipanda na habari njema, na njia nzima alikuwa akijichekea nyuma ya dereva wa bodaboda.

Honorata alikuwa msaidizi wa mhadhiri katika chuo cha kilimo, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: uwe na makala mbili kwenye majarida yanayoheshimika, au ubaki ulipo, na ukibaki ulipo hakuna anayekuahidi kwamba utabaki. Makala ya kwanza alikuwa nayo. Ya pili, ile ya tangawizi ya Mamba, aliiuguza kama mgonjwa. Ilikwenda kwa wahakiki, ikarudi na maswali kumi na tisa, akayajibu yote, ikaenda tena. Jumatatu mhariri wa jarida akamwandikia kwamba imekubaliwa na itatoka baada ya wiki tatu. Honorata alilisoma lile neno mara nyingi kuliko barua zote za mapenzi alizowahi kuandikiwa, ambazo kwa kweli hazikuwa nyingi. Kisha akampigia simu mama yake huko Ugweno, na mama yake akautangazia mtaa mzima.

Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Tangawizi ya milima ile ilikuwa inaoza ardhini. Majani yanageuka manjano, shina linalegea, ukilivuta linatoka na uvundo. Honorata alitaka kujua kama kuloweka mbegu kwenye maji moto kabla ya kupanda kunauzuia ugonjwa huo. Wakulima kumi wa kikundi kimoja cha Mamba wakakubali kutoa kila mmoja matuta manne, mawili ya mbegu zilizolowekwa na mawili ya mbegu za kawaida, ili yalinganishwe. Matokeo yalipendeza mno. Kwenye mbegu za maji moto, mashina tisini na tatu katika kila mia yalikuwa yamesimama. Kwenye mbegu za kawaida yalisimama arobaini tu. Msimamizi wake, Dokta Loth, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye makala, alipoziona takwimu zile alivua miwani akasema, "Binti, hii ni zawadi." Masikini, hakujua alivyosema kweli.

Kikundi kilikuwa kinamngoja uani kwa katibu wao, mama mmoja wa miaka sitini na ushei aitwaye Anaeli, ambaye wengi walimwita Mama Tumainieli kwa jina la mwanawe wa kwanza. Makande yalikuwa yameiva tangu asubuhi. Honorata aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo kwa huyu na shikamoo kwa yule, akakaa, akawaambia. Wakapiga vigelegele. Mzee Naftali, mwenyekiti, mtu mrefu mkavu asiyecheka ovyo, alisimama akasali sala ya shukrani ndefu kidogo, na baada ya amina wakaanza kula.

"Mgweno wetu!" alisema Mama Tumainieli. "Huelewi Chasu, lugha yetu Wapare, hata ukitukanwa, lakini umetutoa kimasomaso."

"Ninyi ndio mmenitoa, mama. Mimi nilihesabu tu."

Hapo wanakikundi wakatazamana. Wengine wakaanza kucheka chinichini, namna watu wanavyocheka wakiwa na jambo tamu mdomoni. Mama Tumainieli akajifuta mikono kwenye khanga.

"Basi leo tukuambie," alisema. "Maana mtihani umeshafaulu, hakuna wa kukunyang'anya. Unakumbuka mwezi wa nne mwaka jana, ulipopiga simu kwamba Alhamisi unakuja kuhesabu?"

"Nakumbuka."

"Jumapili ile baada ya ibada tulipita mashambani kuangalia. Mwanangu! Matuta yako ya maji moto yalikuwa yamelala. Yameoza sawasawa na yale mengine. Mzee Naftali akasema, huyu mtoto anaupanda mlima huu na mvua, anaanguka na pikipiki pale kwenye kona ya mawe, anaamka, anakuja kutusalimia huku anachechemea. Sasa aje akute aibu, sisi tupo? Tukaitana msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya wote. Barabara ikikatika, mfereji ukiziba, paa la mjane likivuja, watu huitana na hakuna anayeuliza atapata nini. Honorata mwenyewe alikulia kwenye desturi hiyo kule kwao Ugweno. Kijiko chake kilisimama katikati ya sahani.

"Siku mbili, nyumba zote kumi," Mama Tumainieli aliendelea, na uso ulimng'aa. "Tuling'oa yaliyooza, tukachimba mazima kwenye shamba langu la juu, tena na udongo wake yasishtuke, tukayapandikiza. Ulipokuja Alhamisi hukujua kitu!"

"Mia tano thelathini na moja," alisema Mzee Naftali. "Nilihesabu mimi."

"Na yale ya mbegu za kawaida?" Honorata aliuliza. Sauti yake ilitoka vizuri, akaishangaa.

"Yale hatukuyagusa hata moja. Si ulisema mwenyewe yaachwe yalivyo?"

Ua mzima ukaangua kicheko, na Honorata akacheka nao, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Alikumbuka udongo mbichi aliouona siku ile kuzunguka mashina. Aliwapongeza kwa palizi. Tena alipiga picha, na picha hiyo ilikuwamo ndani ya makala, ukurasa wa sita.

Aliomba udhuru kwamba anatafuta mtandao, akapanda njia ya kanisani, mahali pekee ambapo simu yake ilishika vizuri. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Awakasirikie watu walioinama siku mbili kwenye matope kwa ajili yake? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo, na wenyeji hawa walikuwa wamejitahidi mgeni naye apone. Kila alipotaka kulaumu, lawama ilimrudia. Ni yeye aliyepiga simu wiki nzima kabla ya kila safari, kwa sababu alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri haibuki nyumbani kwa watu bila taarifa. Vitabu vyote alivyosomea utafiti havikuwahi kumwonya kwamba adabu inaweza kuharibu takwimu. Vilevile aliona udongo mbichi na hakuuliza, maana jibu alilokuwa nalo lilimpendeza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikaa kwenye jiwe chini ya ukuta wa kanisa. Wazo baya lilikuja, na tusimfiche: lilimkalia kwa muda mzuri. Nani angejua? Jarida ni la Kiingereza, na hawa wazee hawatalisoma. Makala imekubaliwa. Wiki tatu tu, kisha mwezi wa sita, kisha mkataba mpya na mlango wenye jina lake. Mama yake alikuwa ameshautangazia mtaa. Akalitazama bonde hadi lilikoishia, mashamba ya tangawizi yakifuatana, na nyuma ya ukingo ule wa mlima kuna Bombo, nako wanalima, na kwingine Mhezi. Makala za namna hii husomwa na maofisa kilimo. Ofisa mmoja mwenye bidii angetosha. Angewakusanya watu wa Bombo, awaambie utafiti umethibitisha, nao wangekata kuni, wachemshe maji, waloweke mbegu zao zote, wapande, na masika ikija walale njaa. Bombo hakuna ambaye angekuja usiku au mchana kuwapandikizia mashina mazima.

Akampigia Dokta Loth. Alimweleza yote bila kupumzika.

"Wamesema tu?" Dokta Loth aliuliza. "Au kuna maandishi?"

"Wamesema, na nimewaamini. Udongo niliuona mwenyewe."

"Honorata, wahakiki wawili wameipitisha. Kila utafiti una mashimo yake."

"Hili si shimo, dokta. Ni shamba zima."

Honorata alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimeanza kujisifu kwa mke wangu na hii makala. Wanalima tangawizi wengi huko?"

"Mlima mzima."

"Basi mwandikie mhariri leo hii. Weka ukweli wote, usiwatupie wakulima lawama, na jina langu liweke chini ya lako. Mkataba wako nitausemea, lakini sikuahidi kitu, unanielewa? Sikuahidi." Akapumua. "Mashina mia tano. Wamejua kutupenda, hawa watu."

Aliandika barua palepale kwenye simu, kwa vidole vyenye ubaridi. Ilikuwa na mistari kumi na miwili. Alisema kwamba mimea ya upande mmoja wa jaribio ilibadilishwa na mingine mizima kabla ya kuhesabiwa, kwamba mtafiti hakujua lakini alipaswa kujua, kwamba takwimu hizo hazifai kutegemewa na mtu yeyote, na kwamba waandishi wanaiondoa makala yao. Akaisoma mara mbili. La kuvunda halina ubani. Akabonyeza, ikaenda, naye akabaki ameshika simu akisubiri kulia. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni njaa, njaa kali ya kweli, na akakumbuka kwamba ameacha nusu sahani ya makande.

Alirudi uani akaimaliza kwanza. Kisha akawaambia alichofanya.

Mama Tumainieli aliweka mkono kifuani.

"Umejifelisha mwenyewe?" aliuliza. "Na mtihani tulikuwa tumeshaushinda?"

"Haukuwa mtihani wangu, mama. Naombeni niwaulize. Mwakani mtaloweka mbegu zenu kwenye maji moto?"

"Sisi?" Mzee Naftali alikunja uso. "Za nini? Kuni zenyewe za kutafuta, na tumeona kwa macho yetu kwamba haisaidii."

"Ninyi mmeona. Watu wa Bombo je? Wangesoma kwamba huku Mamba imesaidia, tena kwa majina ya mashamba yenu."

Mzee Naftali aligeuka akatazama upande wa Bombo. Binti yake Diana ameolewa Bombo, na mkwewe hana shamba jingine zaidi ya lile la tangawizi. Wote uani walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kulitaja.

"Diana wangu angechemsha," alisema mzee polepole. "Tena angekuwa wa kwanza. Angesema, kwa baba yangu imefanya kazi." Akasimama, akamwinamia Honorata kidogo, jambo ambalo wazee wa pale hawalifanyi kwa vijana. "Mwanangu, tusamehe. Tulikusaidia vibaya."

"Mlinisaidia kwa moyo, baba. Na mimi nilikuwa nakuja kwa kengele kama askofu, kila mtu ananiandalia." Hapo wakacheka tena kidogo, na Honorata akajisikia mwepesi. Halafu lile swali ambalo lilipaswa kumjia saa nzima iliyopita likamjia. "Mama Tumainieli. Yale mashina mazima, mia tano na zaidi. Kwa nini huko juu yalikuwa mazima?"

"Pale? Pale palikuwa pamepumzika. Miaka mitatu nilipanda mahindi na maharage, kwa sababu mguu ulinisumbua sikuweza kupanda juu na mizigo ya tangawizi. Tangawizi ilikuwa ndiyo kwanza imerudi."

Honorata alimtazama. Alianza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake mwenyewe, kilichomtoa machozi aliyoyangoja kule kanisani. Alikuwa amepita kando ya shamba lile mara saba akienda kuhesabu matuta ya maji moto. Akatoa daftari, na mpaka jua linaelekea kushuka walikuwa bado wanabishana: nani ana ardhi iliyopumzika, nani amepanda tangawizi mahali pamoja mwaka hadi mwaka, nani atatoa matuta. Walikubaliana kuanza upya. Na kwa kuwa Mpare bila sheria hajisikii amekutana, wakaweka sheria: atakayeligusa shina la jaribio, hata kwa huruma, hatakuja mtu kwake msaragambo ukiitwa, awe na mfereji uliobomoka au paa lililong'oka. Adhabu hiyo ni nzito kuliko faini yoyote, na waliipitisha kwa mikono yote.

Mhariri alijibu baada ya siku nne. Alishukuru kwa mistari miwili na kuiondoa makala. Mwezi wa sita mkataba wa Honorata uliongezwa mwaka mmoja, kwa cheo kilekile na meza ileile karibu na mlango wa choo. Mwenzake mmoja alipanda cheo, na Honorata alikwenda kwenye sherehe, akala, akacheza. Angesema uongo kama angesema hakuumia. Lakini usiku alilala, na katika ile wiki ya furaha baada ya kukubaliwa makala hakuwa amelala vizuri hata siku moja, asijue kwa nini. Mama yake alimaliza habari kwa mtaa kwa njia yake. "Ameirudisha mwenyewe," aliwaambia majirani. "Haikuwa imeiva."

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne tena, alipanda Mamba bila kupiga simu. Ilimchukua ujasiri mwingi kuliko kumwandikia mhariri. Alipiga hodi kwa Mama Tumainieli akajisikia mwizi, na mama alitoka na nguo za shamba, mikono imejaa matope, jikoni hakuna hata chai.

"Ndiyo tabia gani hii!" alifoka. Kisha akakumbuka, akacheka. "Haya, twende. Twende ukaone msiba."

Walipanda hadi kwenye matuta ya jaribio. Matuta mawili yalikuwa kwenye udongo uliopumzika na mengine mawili mahali palipopandwa tangawizi kila mwaka. Yale ya pili yalikuwa yamekwisha, majani yamelala chini. Ya kwanza yalisimama, lakini si yote. Hapa na pale manjano, hapa na pale shina limeinama, na harufu ilikuwapo. Mama Tumainieli alisimama pembeni, mikono ameifumbata nyuma, mmoja ukiuzuia mwingine. Mwanamke huyu alikuwa amelima miaka arobaini na tano na hajawahi kuliacha shina bovu shambani kwake kwa siku mbili.

"Lile la pale nimelitazama wiki tatu," alisema. "Jirani amepita akaniuliza kama nimekuwa mvivu. Nikamwambia ni la serikali."

Honorata alipita tuta kwa tuta akihesabu kwa kidole. Alirudi akahesabu tena. Katika mashina mia ya ardhi iliyopumzika, yaliyooza yalikuwa mengi kuliko alivyotumaini, na machache kuliko ya upande wa pili. Jibu la nusu nusu namna hiyo halimfurahishi mhariri yeyote, nalo lingehitaji misimu mingine miwili. Alipiga goti, akaandika kwenye daftari: thelathini na nane.

Mama Tumainieli alichungulia juu ya bega lake. Akakunja uso. Akahesabu mwenyewe kimya, midomo ikitikisika, kisha akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa tuta, kwenye shina dogo lililojificha nyuma ya majani mazima.

"Thelathini na tisa," alisema. "Umeliruka lile."

Honorata alikwenda akafunua majani. Lilikuwa limeoza. Akakata thelathini na nane kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, na pembeni yake akaandika thelathini na tisa.